Jinsi Habari Inavyovuka Mahali Pasipopita Umeme

Nimeombwa nieleze kazi iliyofanywa na chama chetu cha sayansi katika nyumba ya pampu, kwa kuwa wengi wameliona lile sanduku jeupe lililotundikwa ukutani, wala hawajui mna nini ndani. Wengine husema ni redio. Si redio. Mna kompyuta ndogo ya kibao, na kando yake mna kitu cheusi chenye miguu minne, kidogo kuliko punje ya hindi. Habari nitakayoandika ni ya kitu hicho cheusi zaidi kuliko ya kompyuta, maana kukifahamu kumetugharimu sana.

Shida yetu ya maji mwaijua. Katika kiangazi cha mwaka 2023 kisima kilishuka, pampu ikaendelea kuzunguka bila maji usiku kucha, ikaungua. Kwa majuma matano tuliteka maji bondeni kwa madumu, asubuhi kabla ya masomo na jioni baada ya michezo. Mzee mwangalizi wa pampu alilaumiwa, lakini mimi sioni kosa lake. Pampu iko chini ya ardhi, na mtu aliyesimama juu hawezi kujua kwa masikio kama inavuta maji au inavuta hewa.

Lakini umeme wajua. Pampu inayoinua maji hufanya kazi nzito, na ya kwetu hula kama wati 1,500. Maji yakiisha huzunguka bure kama baiskeli iliyokatika mnyororo, nayo hula kidogo zaidi. Basi tukasema, tukiweza kupima chakula cha pampu kila wakati, kompyuta itaweza kuizima kabla haijaungua. Tukaagiza kutoka Kampala kipimo kidogo cha umeme. Kipimo hiki husema kwa mapigo: pampu ikila sana, mapigo huja upesi upesi; ikila kidogo, huja polepole. Kila pigo ni volti 5 zinazopanda na kushuka. Kompyuta huyahesabu tu. Kazi ilionekana rahisi kabisa.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi 2024 tulikuwa watatu pale pampuni. Bruda anayetufundisha fizikia alikuwa ametuazima kompyuta yake ya kupakata, nayo ilikuwa imechomekwa kwenye chaja. Tukaunganisha kipimo na kompyuta ndogo kwa nyaya mbili, mmoja wa mapigo na mmoja wa hasi, kwa sababu tulifundishwa kwamba mkondo wa umeme hauendi bila njia ya kurudi. Kisha tukaunganisha kompyuta ndogo na ile ya Bruda kwa waya wa USB ili tusome hesabu. Mwenzangu akawasha swichi kubwa. Pakatokea mlipuko, waya wa USB ukawa mweusi, fyuzi ikakatika, na kompyuta ya Bruda haijaamka mpaka leo. Mwenzangu alikuwa ameuachia ule waya muda usiozidi pumzi mbili.

Bruda alipokuja tulidhani atatufukuza. Alikaa juu ya dumu, akatazama kitambo, kisha akauliza neno moja tu: “Wanangu, hasi ya kipimo hiki imefungwa wapi?”

Hapana aliyejua. Tukakifungua kipimo, tukaona kwamba hasi yake imefungwa kwa shaba nene katika waya wa moto wenyewe, ule wa volti 240.

Labda utashangaa, kama tulivyoshangaa sisi, mtu awezaje kuuza kitu cha namna hiyo. Lakini sababu yake ni njema. Njia rahisi na sahihi ya kupima mkondo ni kuupitisha katika kipande kidogo cha chuma ambacho ukinzani wake unajulikana, na kupima sehemu ndogo sana ya volti inayopotea humo. Basi kipimo hakina budi kukaa juu ya waya wa moto kama ndege. Ndege aliyetua juu ya waya hadhuriki, kwa sababu volti ni tofauti baina ya mahali pawili, na miguu yake yote miwili iko mahali pamoja. Kadhalika volti 5 za kipimo ni 5 ukizipima kutoka kwenye hasi yake. Lakini hasi hiyo yenyewe yapanda na kushuka pamoja na waya wa moto mara 50 kila sekunde, na kileleni hufika karibu volti 340 juu ya ardhi. Kompyuta ya Bruda nayo ilikuwa na hasi yake, iliyofika ardhini kwa njia ya mguu wa tatu wa plagi ya chaja. Sisi tulimshika ndege mguu mmoja tukaukanyagisha chini.

Halafu Bruda akasema jambo lililonitia hofu kuliko mlipuko. Kama kompyuta ile ingekuwa inatumia betri yake, bila chaja, kusingelipuka kitu. Ingewaka vizuri, hesabu zingesomeka, nasi tungeshangilia. Na kila chuma kinachogusana na hasi yake, mpaka tundu za USB ubavuni, kingekuwa na volti 240 kikimngoja mtu wa kwanza atakayekigusa akiwa amesimama juu ya ile sakafu yenye maji.

Basi tulikuwa na mambo mawili yanayopingana. Sharti habari ipite kutoka kwenye kipimo mpaka kwenye kompyuta. Sharti pia mkondo wa umeme usipite hata kidogo. Kwa siku kadhaa niliona haiwezekani, kwa kuwa nilidhani habari na umeme ni kitu kimoja. Sivyo. Usiku wavulana wa kijijini kwetu hupelekeana ishara kwa kurunzi kutoka ng'ambo moja ya kinamasi hadi ya pili, wala hapana mmoja wao anayelowa miguu. Kinachovuka ni habari tu.

Kile kitu cheusi chenye miguu minne ndicho kinamasi na kurunzi pamoja. Huitwa optokapla. Upande mmoja mna taa ndogo sana, dayodi itoayo nuru isiyoonekana kwa macho, ya jamii ile ile iliyomo katika rimoti ya televisheni. Upande wa pili mna transista inayoona: ikipata nuru hufungua njia ya mkondo, ikikosa nuru huifunga. Katikati hamna waya wowote, ila kitu kigumu kipitishacho nuru na kukataa umeme. Vyote vimefungwa gizani ndani ya plastiki, ili nuru ya nje isije ikaleta habari za uongo. Ya kwetu ni ya namna iitwayo PC817, ambayo ukuta wake hutengenezwa uvumilie volti 5,000 kwa muda wa dakika moja.

Nataka niandike hesabu zake, kwa maana hapa ndipo nilipoona fizikia ya darasani ikifanya kazi. Taa ile hujichukulia kama volti 1.2. Katika volti 5 zinabaki 3.8. Tukitia rezista ya ohmu 1,000, mkondo utakuwa miliampea 3.8. Upande wa pili transista haipitishi mkondo sawa na ule wa taa. Ikiwa ni dhaifu hupitisha nusu yake, yaani miliampea 1.9. Sisi tumeifungia rezista ya ohmu 10,000 kutoka volti 5 za kompyuta, na rezista hiyo haiwezi kutoa zaidi ya nusu miliampea. Basi transista ina uwezo karibu mara nne ya kazi tunayoitaka. Nilimwuliza Bruda kwa nini tusiitumie yote. Akasema taa za namna hii huzeeka. Kadiri miaka inavyopita nuru yake hupungua, na hupungua upesi zaidi mahali penye joto. Ziada ile ni akiba ya uzee.

Hapa pia ndipo nilipoelewa faida ya kusema kwa mapigo. Kama kipimo chetu kingetuma habari kwa kupandisha na kushusha volti kidogo kidogo, taa ikizeeka kompyuta ingesoma pungufu, ikadhani kisima kimekauka, nasi tungekosa maji bure. Lakini pigo ni neno la ndiyo au siyo. Nuru ikififia kiasi, ndiyo hubaki ndiyo. Kompyuta haiulizi nuru ilikuwa kali kadiri gani. Yauliza imekuja mara ngapi.

Walakini PC817 si mwepesi. Transista yake, nuru ikizimika, hukawia kusahau, hasa ikiwa imefungiwa rezista kubwa kama yetu. Kwa mapigo mia chache ya pampu kila sekunde haina neno. Kwa mazungumzo ya kompyuta na kompyuta haifai, nayo ziko optokapla nyingine zipitishazo habari milioni 10 kwa sekunde.

Sasa niseme kosa letu la pili, ambalo naliona baya kuliko la kwanza kwa sababu tulilifanya tukijiona tumekwisha kuwa wataalamu. Tulitia optokapla, tukaijaribu mezani kwa betri, ikafanya kazi mara ya kwanza. Tulifurahi mno. Bruda akatwaa mita yake, akaweka ncha moja kwenye hasi ya kipimo, na ncha ya pili kwenye hasi ya kompyuta. Mita ikalia. Tulikuwa tumeziunganisha hasi zote mbili kwa waya mweusi, tena kwa ustadi, kwa ile ile sababu ya njia ya kurudi! Tulijenga ukuta, tukaacha mlango wazi kando yake. Optokapla ingekaa pale kama askari aliyelala, na umeme ungepita nyuma yake.

Ukweli ni kwamba kila upande una njia yake ya kurudi. Mkondo wa taa huanzia katika kipimo na kurudi katika kipimo. Mkondo wa transista huanzia katika kompyuta na kurudi katika kompyuta. Hazikutani. Kwa hiyo haifai pande mbili zile umeme kutoka mahali pamoja. Kipimo hujilisha kwa waya wa moto kinakokaa, na kompyuta yetu hulishwa na chaja ya simu.

Na hapo Bruda akacheka, akatuambia tuvunje chaja mbovu. Ndani yake, katikati ya kibao, mlikuwa na njia tupu isiyo na shaba. Upande huu umeme wa ukutani, upande huu volti 5 za simu. Vitu vilivyoruka juu ya njia ile ni vichache: transfoma, ambayo huvusha nguvu, kapasita moja ya buluu ya kupunguza makelele ya umeme, na kitu cheusi chenye miguu minne, PC817 hasa, kikirudisha nyuma habari kwamba volti zimetosha au bado. Chaja nyingi zimejengwa hivyo, ingawa si zote. Wewe unayesoma haya, kama unashika simu inayochajiwa, huenda uhai wako unalindwa na kitu kile kile. Tangu siku ile hatununui optokapla. Twazitoa katika chaja zilizokufa.

Ile njia tupu ilitufundisha jambo jingine. Umeme haupenyi tu katikati ya vitu, hutambaa pia juu yake, hasa penye vumbi na unyevu. Na nyumba ya pampu ina vyote viwili, na siafu juu. Miguu ya optokapla ya upande mmoja iko mbali na ya upande wa pili kwa milimita 7.62. Lakini kibao chetu kilikuwa na vipande vya shaba vilivyopita chini yake, vikaacha nafasi ya milimita mbili hivi. Tukaikwangua shaba yote ya katikati, kisha kwa msumeno wa chuma tukakata mwanya katika kibao chenyewe chini ya tumbo la optokapla, ili unyevu ukose daraja. Mwishowe fundi wa umeme wa hospitali akatuazima kile kipimo chake cha volti 500 cha kujaribu nyaya. Mita ya kawaida, yenye betri ya volti 9, haiwezi kushuhudia ukuta utakaozuia 240. Sindano haikuonyesha kitu chochote kinachopita. Ndipo Bruda akaturuhusu kuwasha, na hata hivyo mkono wake ndio uliowasha.

Habari ya kwenda, yaani amri ya kuizima pampu, hupita katika rilei. Koili huvuta chuma kwa nguvu ya sumaku, chuma hukata umeme wa pampu, na koili na chuma havigusani. Ni wazo lile lile, ila kuna sauti.

Nilimwuliza Bruda kama nuru ndiyo njia pekee. Akanielekeza kwa Michael Faraday. Tarehe 29 Agosti 1831, huko London, Faraday alitwaa pete ya chuma, akaizungushia koili mbili za shaba, zikiwa zimetenganishwa kwa uzi na kitambaa. Koili moja aliifunga kwenye betri, ya pili kwenye chombo chenye sindano. Alipounganisha betri, sindano ilitikisika kisha ikarudi ikatulia. Betri iliendelea kusukuma mkondo, lakini sindano haikujua. Alipokata, ikatikisika tena kwa upande wa pili. Yaani koili hupeleka habari ya badiliko tu. Kitu kilichokaa vile vile hakina habari.

Siku hizi jambo hilo limeingizwa ndani ya chipu. Kampuni ya Analog Devices ya Marekani hutengeneza chipu zenye koili mbili zisizoonekana kwa macho, moja juu ya nyingine, na baina yao plastiki ngumu ya unene wa milimita 0.02, nayo hustahimili volti 2,500 kwa dakika moja. Lakini utauliza, ikiwa koili husikia badiliko tu, upande wa pili utajuaje kama neno la sasa ni ndiyo au siyo? Swali hili lilinikosesha usingizi usiku mmoja, na jibu lake lanipendeza sana. Neno likipanda, chipu hutuma vijipigo viwili vifupi mno. Likishuka hutuma kimoja. Upande wa pili hukumbuka neno la mwisho. Na kama halijabadilika kwa muda wa kama sehemu moja ya milioni ya sekunde, upande wa kwanza huanza kurudia habari ile ile, kama mlinzi wa usiku anayegonga kengele kila saa kujulisha kwamba yu macho. Upande wa pili ukikosa kusikia chochote kwa kama sehemu tano za milioni, hujua kwamba mwenzake amekatikiwa na umeme, nao hurudi katika hali iliyopangwa tangu mwanzo.

Optokapla yetu haina akili hiyo. Kipimo kikifa, taa huzimika, na kompyuta huona kimya kile kile ambacho ingekiona pampu ikiwa imezimwa. Kwa hiyo tumeiandikia sheria: ukiamuru pampu iwake, na mapigo yasije kwa sekunde tano, zima na uwashe taa nyekundu.

Ziko na chipu nyingine zinazovusha kwa kapasita, ambazo ukuta wake ni wa jamii ya kioo, nazo hutetemesha umeme upesi sana zikisema ndiyo na kunyamaza zikisema siyo. Hizo sijazishika, kwa hiyo sizungumzi zaidi.

Lakini sharti niseme habari ya hospitali. Tuliporudisha kipimo cha fundi, alituonyesha mashine inayoandika mapigo ya moyo. Mgonjwa hubandikwa nyaya kifuani, na nyaya hizo huingia katika mashine iliyochomekwa ukutani. Nilitazama waya nikafuata kwa macho kutoka ukutani mpaka kifuani, na nikauliza pale ukuta uko wapi. Fundi akasema uko ndani, na ni mkali kuliko wetu. Nyumbani swichi ya ulinzi hukata umeme ukivuja miliampea 30. Katika vyombo vinavyoweza kuunganishwa na moyo wenyewe, sheria za kimataifa haziruhusu mkondo wa kumfikia mgonjwa uzidi miliampea 0.01 mashine ikiwa nzima. Upande wa mgonjwa hulishwa kwa transfoma yake peke yake, na habari ya moyo hugeuzwa kuwa mapigo ya ndiyo na siyo, ikavuka.

Mwezi wa Julai 2024, yapata saa nane usiku, taa nyekundu iliwaka nyumba ya pampu, pampu ikanyamaza. Mzee alikuja bwenini kwetu akagonga dirisha. “Wanangu, sanduku lenu limekataa,” alisema. Tulikwenda na kurunzi. Mapigo yalikuwa yameshuka mpaka karibu nusu, na tulipoteremsha kamba kisimani maji yalikuwa chini ya pampu. Tukamwambia Mzee asiiwashe mpaka asubuhi, akaenda kulala.

Mwaka huu namaliza. Ndani ya mlango wa sanduku nimeandika kwa rangi nyeupe tarehe tuliyotia optokapla, na volti zilizosomeka upande wa kompyuta taa ikiwa inawaka: 0.1. Atakayenifuata katika chama azipime tena kila mwanzo wa mwaka, pampu ikiwa imezimwa kwenye swichi kubwa na taa ikiwashwa kwa betri. Zikianza kupanda kuelekea 1, taa imezeeka. Mle ndani ya bahasha iliyogongomewa kwa msumari mna optokapla nyingine tatu.